Ténéré 700 au V-Strom 650: ipi imfae mtu wa Arusha anayetaka kufika Natron na Mbeya?

Swali: Naishi Arusha. Nina urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 72, na pikipiki niliyoizoea ni Boxer 150. Nataka pikipiki ya safari yenye injini ya wastani: Natron mara kadhaa kwa mwaka, Kondoa na Singida, na mara moja kwa mwaka Mbeya hadi Ziwa Nyasa, safari nyingine nikiwa na mke wangu. Nimepata mbili za mkononi, zote zina namba za MC (za usajili wa pikipiki Tanzania): Yamaha Ténéré 700 ya 2021 yenye kilomita 31,000 na Suzuki V-Strom 650 XT ya 2018 yenye kilomita 45,000. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi, na niikague vipi?

Jibu: Kwa safari ulizozitaja, Ténéré, kwa masharti mawili: mkeo awe abiria wa mara mojamoja, na uwe tayari kushughulikia urefu wa kiti na springi ya nyuma kabla ya safari ndefu ya kwanza. Ukipiga hesabu ukaona zaidi ya nusu ya kilomita zako zitakuwa za lami mkiwa wawili, geuza uamuzi. V-Strom itawabeba kwa raha zaidi, na Natron mtafika, ila polepole na kwa kuchagua msimu.

Suala la nguvu za injini liweke pembeni. Ténéré ina silinda mbili, cc 689, nguvu za farasi 73 hivi. V-Strom ina silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, cc 645, farasi 71. Hiyo si tofauti ya kumnyima mtu usingizi. Kati ya Babati na Dodoma, ambako lami ilikamilika 2018, vijiji vimefuatana na kila kijiji kina kibao chake cha 50. Askari mwenye tochi hatakuuliza una farasi wangapi. Injini zote mbili hizi ni za kuaminika na zinavuta vizuri kutoka chini. Ya Yamaha ndiyo iliyomo kwenye MT-07 tangu 2014, kwa hiyo vipuri vyake vya injini vimetapakaa duniani na fundi akiviagiza Nairobi au Afrika Kusini anaeleweka mara moja.

Tofauti halisi iko chini ya injini. Ténéré ina nafasi ya milimita 240 kutoka ardhini, V-Strom 170. Shokapu za Ténéré zinacheza milimita 210 mbele na 200 nyuma. Za V-Strom ni kama 150 na 160. Rimu za Ténéré ni inchi 21 mbele na 18 nyuma, za V-Strom 19 na 17. Namba hizi zipeleke kwenye njia ya Natron, ile ya Mto wa Mbu kwenda Engare Sero kupitia Selela na Engaruka. Kuna makorongo yanayokatwa upya kila masika, mawe ya volkano yenye ncha, na mchanga uliochanganyika na vumbi laini. Kwenye korongo lenye kingo kali, milimita 170 maana yake ni tumbo la pikipiki kugonga. Na V-Strom 650 ina udhaifu wake unaojulikana: filta ya oili na mabomba ya ekzosi yako mbele kabisa ya injini, yakitazamana na gurudumu la mbele. Jiwe moja likirushwa na tairi linaweza kutoboa filta, na oili ikimwagika una sekunde chache za kuzima injini kabla haijajiua. Ukiichukua hiyo, bati la kukinga injini, aluminiamu ya milimita 4 linalopanda hadi kuifunika filta, ni lazima liwepo kabla haijagusa vumbi.

V-Strom nayo ina yake ya kujivunia: tanki la lita 20, kiti kipana, kioo cha mbele kinachokinga upepo, na rimu za spoku zisizohitaji tyubu. Pancha ya msumari unaiziba kwa kijiti cha mpira bila kufungua gurudumu. Ténéré ina tyubu mbele na nyuma, na hilo nitalirudia hapa chini maana ndilo linalowakwamisha wengi.

Urefu na uzito wako

Kiti cha Ténéré kiko milimita 875 kutoka ardhini, cha V-Strom 835. Mtu wa sentimita 168 kwa kawaida ana mguu wa ndani wa sentimita 76 hadi 78. Ukikaa, shokapu zitazama kama sentimita 6, na buti zitakuongezea 3. Kwenye Ténéré hapo unagusa kwa ncha za vidole miguu yote miwili, au kwa nusu ya unyayo ukiteleza upande mmoja. Inaendesheka. Kinachotesa ni kusimama kwenye mteremko wa kokoto na kugeuza mahali pembamba.

Anza na kiti cha chini, kinachopunguza kama milimita 20. Kiendeshe mwezi mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Yamaha waliuza Ulaya toleo la chini, kiti kama milimita 838, kwa kuunganisha kiti hicho na viungo virefu zaidi vya shokapu ya nyuma. Viungo hivyo vinauzwa peke yake, lakini vina gharama tatu ambazo muuzaji huwa hazitaji. Nafasi ya chini inapungua. Shokapu za mbele lazima zipandishwe kwenye vishikio vyake ili pua isibaki juu na hendeli ikawa nzito. Na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima na upepo wa lori unaiangusha. Ukiona Ténéré ya mkononi inasimama wima kuliko kawaida, chungulia viungo hivyo kwanza.

Uzito: Boxer yako ina kama kilo 120. Ténéré tanki likiwa limejaa ni 205, V-Strom 216. Weka mabegi, maji na zana, unafika 230 na kitu. Inapotembea huzihisi kilo hizo. Zinakudai pale pikipiki inapolala mchangani saa nane mchana na hakuna mtu wa kukusaidia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwilaze taratibu juu ya godoro kuukuu au matairi, uiinue mwenyewe. Zima injini. Kama imelalia kulia, teremsha stendi kwanza ili isije ikapitiliza na kulala upande wa pili. Ingiza gia ya kwanza isiteleze. Zungusha hendeli hadi mwisho, mbele ya tairi ielekee ardhini. Ipe pikipiki mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike hendeli iliyo chini, mwingine ushike chasisi au keria, kisha rudi nyuma kwa hatua ndogondogo ukisukuma kwa miguu. Mgongo ubaki umenyooka. Usipoweza mara mbili mfululizo, Ténéré na V-Strom zote si zako kwa safari za peke yako, na ni heri uangalie Royal Enfield Himalayan 450 au Honda CB500X. Hazipungui kilo nyingi, lakini viti vyake ni vya chini na uzito wake umekaa karibu na ardhi.

Petroli

Kiwanda kinasema Ténéré inakula kama lita 4.3 kwa kilomita 100. Kwa njia ya vumbi na mzigo, fanya hesabu kwa 5.5. Lita 16 zitakupa kilomita 290 hadi tanki likauke. Mto wa Mbu hadi Engare Sero ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi umetumia lita 13 na kidogo, zimebaki chini ya 3, na hapo hujazunguka popote. Beba galoni ya lita 5 ya plastiki ngumu ya mafuta, ifungwe chini na karibu na katikati, isiwe juu ya keria. V-Strom inakwenda na kurudi bila galoni.

Petroli ya chupa za vijijini ni bahati nasibu. Imimine kwanza kwenye chupa angavu, iache itulie dakika 2 au 3: maji huzama chini na utayaona yamejitenga. Chujio kuu liko ndani ya tanki pamoja na pampu, na kulifikia njiani ni kazi kubwa, kwa hiyo weka soksi ya kuchuja kwenye mdomo wa tanki.

Ukaguzi, ukianza na injini baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Kama ni ya moto, ahirisha. Kuna kitu hataki ukisikie.

Kinachoniambia mengi zaidi kuhusu pikipiki iliyotembea kwenye vumbi la huku ni filta ya hewa. Omba kufungua kasha lake. Toa filta, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, pitisha upande wa ndani unaoelekea injini, hasa kwenye pembe ambako mpira wa filta hukaa. Upande wa nje kuwa mchafu ni halali, ndiyo kazi yake. Upande wa ndani ukitoa hata utepe mwembamba wa vumbi la kahawia, maana yake kuna mtu aliikalisha filta vibaya au alitumia iliyopasuka, na injini imekuwa ikila vumbi: ringi, kuta za silinda na valvu vyote vimesagwa. Usiichukue hata kwa bei ya kutupwa mpaka fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote mbili, na zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10.

Valvu. Ténéré hupimwa valvu kila kilomita 40,000, kwa hiyo hii yako bado. V-Strom 650 hupimwa kila 24,000: ya 45,000 ilipaswa kupimwa mara moja na ya pili inakaribia. Omba uthibitisho, risiti au hata ujumbe wa fundi. Asipokuwa nao, gharama ya kazi hiyo itoke kwenye bei. Na asikudanganye mtu kwamba “injini iko kimya, valvu ziko sawa.” Valvu iliyolegea ndiyo hupiga kelele. Iliyokaza iko kimya kabisa, nayo ndiyo inayoungua. Dalili yake ni injini kusumbua kuwaka ikiwa ya moto, au kutotulia ikiwa imesimama.

Chasisi. Simama nyuma kama mita 3, funga jicho moja, linganisha mstari wa pleti namba, kiti na hendeli. Kisha chuchumaa uangalie chuma cha nyuma kinachobeba kiti na mabegi. Kwenye Ténéré hii chuma hicho kimechomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, hakifunguki kwa bolti, kwa hiyo ufa au kupinda hapo si kipuri cha kubadili bali ni chasisi nzima. Angalia kila mahali keria ya mabegi ilipofungwa: rangi iliyopasuka kama mstari wa nywele, kutu inayochungulia, au alama ya kuchomelea upya iliyopakwa rangi. Mikwaruzo kwenye ncha za hendeli na kwenye bati la chini isikutishe, pikipiki ya vumbi huanguka.

Magurudumu. Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Zitoe mlio unaokaribiana. Inayotoa mlio mfu imelegea. Funga kijiti kwenye shokapu kikikaribia kugusa rimu, zungusha gurudumu: likiyumba zaidi ya milimita 2 linahitaji fundi wa kunyoosha. Pitisha kiganja kwenye kingo za rimu ya mbele, pande zote, kutafuta palipobonyea. Tarehe ya tairi imo ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 6, hata kama lina meno, lihesabu kama halipo.

Shokapu na beringi. Bonyeza mbele kwa nguvu mara 6 au 7 huku umeshika breki, kisha angalia nguzo zinazong'aa: pete ya oili ni sili imechoka, au uchafu umenasa ndani yake, ambao wakati mwingine hutoka kwa kupitisha kipande chembamba cha plastiki laini. Inua gurudumu la mbele, zungusha hendeli taratibu kwa vidole viwili. Ikikwama kidogo katikati kana kwamba ina kituo chake, beringi za shingo zimekwisha. Nyuma fanya hivyo hivyo: inua, shika gurudumu juu na chini, kisha sukuma mkono wake, yaani chuma kinacholishika, kushoto na kulia. Mchezo wowote ni beringi za mkono au za viungo vya shokapu, na hizo huku hufa mapema kwa sababu watu huosha pikipiki kwa mashine ya maji makali na grisi yote inatoka.

Cheni: ivute kwa nyuma kutoka kwenye sproketi kubwa, mahali ilipozunguka nusu. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, seti nzima inabadilishwa, cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi kuukuu ni pesa ya kuchoma.

Sasa washa. Weka gia ya kwanza stendi ikiwa chini: injini izime. Stendi ikiwa juu isizime, hata ukiitikisa kwa mguu. Swichi ya stendi ya Ténéré imekaa mahali inapopigwa na tope na mawe, ikiharibika injini hujizimia njiani na utadhani ni petroli. Iache ingurume hadi feni ya redieta iwake na kuzima yenyewe. Ukiendesha, taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukishika breki) izimike baada ya mita chache. Kwenye gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, fungua mafuta yote: kipimo cha mizunguko ya injini kikiruka bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Mara nyingi kosa ni oili. Klachi ya pikipiki hizi imo ndani ya oili ya injini, na mtu akiweka oili ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano, sahani za klachi zinateleza. Dai 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2. Ténéré inachukua lita 2.6 ukibadili na filta. Filta ya oili yenye namba HF204 inaiingia, ile ya V-Strom ni HF138. Kiwanda cha Yamaha kinaruhusu kilomita 10,000 kati ya oili na oili. Kwa vumbi letu kata iwe 5,000 au 6,000.

Jambo moja la breki. ABS ya Ténéré ya 2021 inazimwa kwa kitufe pikipiki ikiwa imesimama, nayo hujirudisha kila ukizima ufunguo, hivyo ukisimamishwa kizuizini na kuzima, ikumbuke kabla ya mteremko unaofuata. Kwenye kokoto za mteremko ABS inarefusha kusimama. Kwenye lami na mvua iache iwake. V-Strom 650 haina kitufe hicho kabisa. Ina kizuizi cha gurudumu kuteleza kwenye lami yenye mvua, ambacho Ténéré hii haina.

Springi ya nyuma, mahali pa kutumia pesa

Ténéré iliyotoka kiwandani imepangwa kwa mtu mmoja wa uzito wako na mzigo mdogo. Usiamini neno langu, pima. Unahitaji utepe wa kupimia na mtu wa kushika. Inua gurudumu la nyuma hewani, pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye plastiki iliyo juu yake wima. Iite A. Ishushe isimame kwa uzito wake tu, pima tena: B. Kaa ukiwa umevaa nguo zote za safari, mabegi yamefungwa, miguu kwenye vikanyagio, mtu apime: C.

A toa C iwe milimita 60 hadi 65, yaani kama theluthi moja ya mchezo wote wa 200. Ikizidi, kaza kwa kile kitufe cha kuzungusha cha pembeni. Ukishapata 60, rudia B. A toa B ibaki kama 20 hadi 25. Ikiwa umelazimika kukaza hadi B ikakaribia sawa na A, springi ni laini mno: umeibana, hujaiongezea nguvu. Pikipiki itakuwa ngumu kwenye mashimo madogo na itagonga mwisho kwenye makubwa.

Fanya kipimo hicho tena mkeo akiwa nyuma. Karibu hakika kitagoma. Springi nzito zaidi kwa uzito wenu wawili inaagizwa kwa namba, na muuzaji wake atakuuliza kilo za kila mmoja na za mzigo. Bila springi hiyo nyuma inazama, pua inapanda, taa inamulika matawi, na hendeli inalegea kwenye mchanga. Watu hulaumu tairi.

Mabegi yawe laini na jumla yasizidi kilo 25 mkiwa wawili. Masanduku ya aluminiamu ni mazuri kwa lami, lakini mguu ukishuka kusaidia kwenye mchanga unaweza kunaswa chini yake na kuvunjika. Ekzosi ya Ténéré iko kulia juu, begi la upande huo liwe na bati la kukinga joto.

Matairi na tyubu

90/90-21 na 150/70-18 hutazikuta kwa wauza matairi ya bodaboda. Agiza jozi ya pili mara tu unaponunua, ikae ndani. Mitas E-07 na Heidenau K60 zinadumu na zinastahimili lami ndefu ya Mbeya; Continental TKC 80 inashika vumbi vizuri zaidi lakini ya nyuma inaisha haraka kwenye lami ya moto. Kwa mchanganyiko wako, Mitas.

Lami fuata kibandiko cha kiwanda. Kwenye vumbi lenye mawe shuka hadi kama PSI 25 mbele na 28 nyuma ukiwa na mzigo. Mchanga mtupu 20, mwendo mdogo, na ujaze tena unapotoka. Upepo ukiwa mdogo kwenye mawe, tairi linabanwa kwenye rimu, tyubu inapata matundu mawili yanayotazamana na rimu inabonyea.

Beba tyubu ya inchi 21. Kwa dharura inaingia hata kwenye rimu ya 18 ya nyuma. Imekunjamana kidogo, lakini inakufikisha. Pamoja nayo: levi 3 ndefu za kufungulia tairi, viraka na gundi mbichi (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka), pampu, na spana za nati zote mbili za ekseli, uzipime nyumbani. Kuna siri moja tu ya kufungua tairi hizi kwa mkono: upande ulio mkabala na levi, ukingo wa tairi lazima usukumwe kwa goti hadi ushuke kwenye shimo la katikati ya rimu. Usiposhuka utatumia nguvu mpaka utoboe tyubu mpya. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kutafuta mwiba. Wa mgunga huvunjika na kubaki ndani bila kuonekana nje. Fanya zoezi zima nyumbani mara mbili, mbele na nyuma.

Karatasi

Namba ya chasisi iko shingoni mwa hendeli, ya injini kwenye kasha la injini. Zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea pesa. Pikipiki nyingi za aina hii ziliingia nchini na wasafiri kwa hati ya muda ya forodha. Kuwa na namba ya MC ni dalili nzuri, lakini thibitisha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba ushuru ulilipwa na umiliki unahamishika kabla ya kutoa pesa, na angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi. Leseni yako iwe na daraja A. A1 inaishia cc 125. Na usipange kupita ndani ya hifadhi za taifa kwa pikipiki, haziruhusiwi.

Tenga kama asilimia 15 ya bei kwa ajili ya kiti, springi, matairi na oili. Ukikosa akiba hiyo, omba bei ishuke kwa kiasi hicho au subiri.

Safari ya kwanza ya vumbi iwe Mto wa Mbu hadi Engaruka na kurudi siku hiyo hiyo, bila mkeo, mabegi nusu. Ukirudi, kabla ya kuiosha, pitia kwa spana bolti za keria, bati la chini, vikanyagio, vishikio vya hendeli na stendi, gonga spoku zote upya, pima mchezo wa cheni ukiwa umepakia mzigo, na fungua tena kasha la filta upitishe kile kitambaa cheupe.